Utando Mwekundu na Nafasi Moja

Jongeeni, nafasi ipo. Mwenye karanga azitafune taratibu, na mwenye simu aigeuze kifudifudi, maana hadithi ya leo ina uwezo wa kuwagombanisha na sitaki mtu aje kusema baadaye kwamba hakusikia vizuri. Haina jini wala mfalme. Ina watu watatu, mtu wa nne anayewashukuru, na zawadi moja isiyogawanyika. Nikimaliza, kazi ya kuamua ni yenu.

Huyo wa nne ndiye tutakayetembea naye. Jina lake Sekela Mwambene, mwanamke kijana, daktari wa fizikia. Si daktari wa sindano. Mama yake kule Tukuyu ameeleza mpaka amechoka, na bado kila Krismasi majirani wanaleta magoti yao yatazamwe. Sekela anayatazama, anawapa pole, nao wanarudi makwao wameridhika.

Kazi yake hasa ni kukaa mbele ya kompyuta na kuhesabu mambo yanayotokea ndani ya kitu pale mwanga unapokipiga. Ndani ya kila kitu, hata hicho kikombe ulichoshika, kuna chembe ndogo ziitwazo elektroni, kila moja imetulia mahali pake. Mwanga ukiingia, elektroni inaweza kusisimka ikaruka juu, na ikiwa huko juu inakuwa na nguvu ya kufanya kazi. Sekela alikuwa akitafuta utando mwembamba wa kupaka kwenye kioo, ambao ukianikwa juani elektroni zake zisisimke na kuua vijidudu kwenye maji ya kunywa. Akiweza kujua kwa hesabu ni mchanganyiko upi unafaa, watu hawatahangaika kupika kila mchanganyiko uliopo duniani.

Chuo kimoja cha nyanda za juu kusini, mji wa baridi na ukungu, kilimpa meza, kompyuta, na muda hadi mwisho wa muhula. Mwisho wa muhula jopo lingekuja kuangalia kama hesabu zake zinafanana na vitu halisi. Zikifanana, kazi inaendelea. Zisipofanana, Sekela anarudisha ufunguo wa ofisi na kikundi chake kinavunjwa. Hakuwa na mpango mwingine. Kazi hii aliitamani tangu yuko sekondari, siku mwalimu wake alipopitisha mwanga wa jua kwenye kipande cha kioo na rangi zikamwagika ukutani.

Sasa wale watatu wa kikundi chake, kila mmoja na kipaji chake.

Bi. Mwanahawa alikuwa na mkono. Ni mkemia, mwenyeji wa Tanga, anavaa sweta mbili mwaka mzima na kuilaumu baridi ya huko kama vile kuna mtu anayeiwasha. Lakini akishika kioo na kukipaka utando, utando unatoka laini, sawasawa kila kona. Wanafunzi walijaribu kumwiga wakaishia kupata mabaka.

Mwalimu Kamugisha alikuwa na sikio. Mtu wa Bukoba, mwalimu wa hisabati, na haoni tangu utotoni. Kwa ajili yake idara iliweka utaratibu kwenye chai ya saa nne: kila mtu aeleze kazi yake kwa mdomo tu, bila ubao, bila picha, bila kuandika chochote. Mwanzoni wengine walinung'unika. Baadaye waligundua kwamba anayeielewa kazi yake anaweza kuieleza huku ameshika andazi, na asiyeielewa hata ubao haumsaidii.

Lwitiko alikuwa na subira. Ni fundi mitambo wa idara, kijana wa Kyela, mwenye cheti cha ufundi umeme na mengine mengi aliyojifunza kwa kufungua na kufunga. Hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti, hata kwa printa.

Basi siku hesabu za kwanza zilipokamilika, Sekela alikwenda maabara ya kemia nusura akimbie.

"Shikamoo, Bi. Mwanahawa. Kompyuta imesema! Utando wetu utakuwa wa njano. Njano ya ndizi mbivu."

"Marahaba, mwanangu. Basi hiyo kompyuta haijaonana na huu."

Akainua kioo akakielekeza dirishani. Kilikuwa chekundu, wekundu mzito wa mafuta ya mawese.

Mniwie radhi nieleze kidogo, maana rangi hapa si urembo. Rangi ya kitu inakuambia kinameza mwanga gani na kinaacha upi. Hesabu ya Sekela ilisema utando unameza mwanga wa buluu tu, na kinachobaki machoni ni njano. Wa Bi. Mwanahawa ulikuwa unameza buluu na kijani pia, ndiyo maana ukabaki mwekundu. Kwa hiyo hesabu haikukosea rangi peke yake. Ilikosea nguvu inayohitajika kuinua elektroni, na hiyo ndiyo kazi yote aliyoajiriwa kuifanya.

Sekela akakisogelea kioo. "Labda... labda kuna uchafu kidogo umeingia?"

"Uchafu? Kwenye chombo changu?"

Sekela akaanza kutazama viatu vyake. Kisha yule mama akakunja mikono ya sweta zote mbili, akaanza upya kuanzia kuosha kioo. Utando ukatoka mwekundu. Akafungua chupa nyingine ya unga, mpya kabisa, akarudia tena. Mwekundu. Hakusema, "Si nilikwambia?" Aliviweka vioo vyote kwenye sahani, akampa.

Sasa sikilizeni jambo ambalo Sekela mwenyewe haoni fahari kulisimulia. Ndani ya programu yake kulikuwa na namba moja inayoweza kusogezwa. Ukiisogeza kidogo, njano inaelekea chungwa. Ukiisogeza zaidi, chungwa inakuwa nyekundu. Wapo wanaoisogeza na maisha yanaendelea. Jopo lilikuwa linakaribia, na Sekela aliogopa. Akaisogeza. Kompyuta ikasema nyekundu, naye akarudi maabara na uso wa ushindi.

"Umegundua nini?" akauliza Bi. Mwanahawa.

"Nimerekebisha namba moja tu."

"Na kesho nikibadilisha unga, utajua vipi pa kuiweka hiyo namba?"

Sekela akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

"Utakuja kuniuliza rangi kwanza, ndipo mashine iseme. Sasa mashine ya nini, si tungebaki na mimi tu? Mwanangu, nimerudia kupika ili nikupe ukweli. Usiupake rangi."

Maneno yale yalimuuma, lakini alijua yametoka kwa mtu anayempenda. Akairudisha namba mahali pake. Kompyuta ikasema njano, na Sekela akaiacha iseme hivyo, huku muhula ukiendelea kuisha.

Asubuhi iliyofuata, kwenye chai, zamu ya kueleza ilikuwa yake. Angeweza kuomba kuruka zamu. Hakuomba, kwa sababu harufu ya maandazi ilimpa moyo kidogo, na kwa sababu Mwalimu Kamugisha alikuwa ameshageuzia sikio upande wake.

"Chukulieni ukumbi wa harusi," akaanza. "Watu wameketi, kila kiti kina mtu. Mwanga ukiingia ni sawa na msema chochote kuita jina. Mmoja anainuka, anakwenda mbele kucheza. Huyo ndiye elektroni aliyesisimka. Mimi hesabu yangu inamfuata huyo: kainuka kwa nguvu kiasi gani, yuko wapi, anacheza vipi. Na kila nikihesabu, napata kwamba anahitaji nguvu nyingi kuliko anavyotumia kweli."

"Na kiti?" akauliza Mwalimu Kamugisha.

"Kiti kipi, Mwalimu?"

"Alichoinuka. Kimebaki kitupu, au siyo?"

"Kimebaki kitupu, ndiyo."

"Unajua," akasema Mwalimu, akipapasa meza kutafuta kikombe chake, "ninyi mnaoona mnainuka tu. Mimi nikiinuka ukumbini, kitu cha kwanza ninachokishika kichwani ni kiti changu kiko wapi. Nikicheza, nacheza karibu nacho. Siendi mbali. Kile kiti kinanivuta wimbo mzima. Sasa huyu wako umemhesabu yeye peke yake, kama mtu aliyetoka ukumbini kabisa?"

Sekela alishusha andazi.

Lazima nimtetee hapa. Hakuwa mjinga. Alisoma zamani kwamba mahali patupu alipotoka elektroni panamvuta, na kwamba wawili hao, aliyeinuka na nafasi aliyoiacha, huzungukana kama jozi. Lakini siku za kwanza alipojaribu kuuingiza mvuto huo kwenye hesabu, kompyuta ya idara ilielemewa ikazimika. Akajiambia, acha niuweke kando kwa sasa, ni mdogo, nitaurudia. Kazi ikamshika, na ile "kwa sasa" ikageuka mazoea. Kila hesabu aliyoifanya baada ya hapo ilikadiria nguvu ya kumtoa mtu ukumbini hadi barabarani, kumbe mtu mwenyewe amesimama tu kando ya kiti chake. Ndiyo maana nguvu ilizidi.

"Mwalimu," akasema. "Asante. Asante sana."

"Kwa lipi? Nimeulizia kiti tu."

Walicheka wote. Lakini furaha ile haikufika hata chakula cha mchana, kwa sababu hesabu yenye kiti ndani yake ni kubwa mno. Haikuwa tena kumfuata mchezaji mmoja. Ilikuwa kufuata kila mchezaji pamoja na kila kiti kinachoweza kumvuta, wote kwa wakati mmoja. Kompyuta iliyozimika siku zile za kwanza ingezimika tena. Sekela akamwendea Lwitiko.

"Kaka Lwitiko, kuna njia?"

Lwitiko akajikuna kidevu. "Njia ipo, dada. Ila itakuwa na kona nyingi."

Kulikuwa na kompyuta kuukuu za darasa la zamani, zimerundikwa zikisubiri kuondolewa. Lwitiko aliomba kibali, akazifungua moja moja, nzima akaziunganisha, mbovu akazichuna vipuri. Zilipowaka kwa pamoja zilitoa joto la jiko la mkaa. Idara haikuwa na kiyoyozi, na katika mji ule ukisema unataka kiyoyozi watu wanakupima homa. Lwitiko akawaomba watu wa kilimo ghala lao la mbegu za viazi, lililojengwa makusudi upande unaopigwa na upepo wa baridi. Viazi vilikuwa vimeshakwenda shambani. Akapanga kompyuta juu ya chaga za viazi, akaning'iniza magunia madirishani ili upepo upite na ukungu ubaki nje.

Halafu umeme ukakatika. Hesabu ikapotea yote. Ikaanza upya, umeme ukakatika tena. Mara ya pili Sekela alikaa chini kwenye chaga tupu, akaficha uso.

"Dada, usilie bado," akasema Lwitiko. "Huu mzigo tunaubeba vibaya. Mtu akipanda mlima na gunia la viazi hapandi kwa pumzi moja. Anatua, anapumzika, anajitwika tena. Tuifundishe mashine kutua."

Wakakaa pamoja, yeye na Sekela, wakaigawa hesabu vipande, na kila kipande kikikamilika mashine inakihifadhi kabla ya kuendelea. Umeme ukikatika, kinachopotea ni kipande kimoja tu. Lwitiko akawa anashinda ghalani, umeme ukirudi anaiwasha, anaitwika mzigo, anasubiri. Hakunung'unika hata kidogo. Mkewe alikuwa amejifungua juzijuzi, na mara kwa mara alionekana akiongea na simu pale ghalani, akimwimbia mtoto katikati ya kelele za mafeni.

Hesabu ilimalizika asubuhi moja ukungu ukiwa umetanda. Sekela aliisoma amesimama. Nguvu ya kuinua elektroni ilikuwa imeshuka kutoka kwenye mwanga wa buluu mpaka kwenye mwanga wa kijani. Maana yake utando unameza vyote viwili. Maana yake ni mwekundu. Hakuna namba iliyosogezwa. Na juu ya hapo hesabu ilionyesha kwamba elektroni ile inakaa juu muda wa kutosha kuifanya kazi yake kwenye maji.

"Ndaga fijo," akamwambia Lwitiko kwa lugha ya nyumbani kwao, asante sana, na akairudia mpaka Lwitiko akaona haya. Kisha akachukua kile kioo chekundu akakiweka juu ya kompyuta, akapiga simu kwa Bi. Mwanahawa na Mwalimu waje. Bi. Mwanahawa alipiga kigelegele cha Tanga hasa, ghala likaitika. Mwalimu Kamugisha aliomba akishike kioo, akakipitishia kidole taratibu pembeni.

"Kwa hiyo huu ndio wekundu," akasema. "Ni laini."

Jopo likaja, likaona, likaridhika. Kazi ikaendelea. Hapo ningeweza kufunga hadithi, mkaenda kulala mkiwa mmefurahi. Lakini niliwaahidi ugomvi.

Habari za utando ule zilifika kwenye kituo kimoja kikubwa cha utafiti ng'ambo, chenye mashine ya mwanga inayoweza kuonyesha elektroni wakati uleule inaporuka. Wakamwalika Sekela kwa mwaka mzima, aje na mwenzake mmoja kutoka kikundini, yule ambaye bila yeye kazi isingewezekana. Mmoja tu. Na jina litumwe Ijumaa, chai ya saa nne ikiisha, la sivyo nafasi inakwenda kwa wengine.

Sasa wapimeni. Bi. Mwanahawa anastaafu mwakani. Maisha yake yote amepaka tando bila kuona kinachotokea ndani yake, na hapa kuna mashine ya kumwonyesha, safari ya kwanza na ya mwisho. Mwalimu Kamugisha amerukwa kwenye mialiko mingi na watu wanaosema kwa upole kwamba atasumbuka njiani. Hawa wa sasa wameandika waziwazi kwamba akija yeye, wamejiandaa. Lwitiko ana cheti kimoja, na ngazi ya kazi yake imefika ukingoni. Akirudi na mafunzo ya mwaka mmoja ya kituo kile, mtoto yule aliyekuwa akiimbiwa kwenye simu atakua katika nyumba nyingine kabisa.

Ijumaa ikafika. Chai ikamiminwa. Sekela akasema, "Nawaomba mnisaidie." Na wale watu, badala ya kumsaidia, wakamharibia kabisa.

"Mpe Lwitiko," akasema Bi. Mwanahawa. "Mimi na Mwalimu tungebaki na ukweli usiobebeka. Yeye ndiye aliyeubeba."

"Mpe Mwalimu," akasema Lwitiko. "Mimi ningewasha mashine zote hizo zikahesabu kosa lilelile, tena kwa kasi zaidi."

"Mpe Bi. Mwanahawa," akasema Mwalimu Kamugisha. "Utando wake usingekataa kuwa wa njano, nani angejua kuna swali? Mngekuwa mnakunywa chai yenu mmeridhika."

Sekela aliwatazama. Alikwisha kufikiria kubaki yeye ili waende wengine, lakini mwaliko ulikuwa wazi: asipokwenda yeye, haendi mtu. Akasukuma kikombe pembeni. Watu hawa walimpa ukweli, wakampa swali, wakampa nguvu ya kulijibu, na sasa kila mmoja anamsukumia mwenzake zawadi iliyo yake. Aliwashukuru kwa majina, mmoja baada ya mwingine, na hakufuta machozi.

"Usitese roho, binti," akasema Mwalimu. "Atakayeinuka atainuka. Viti vyake vitakuwa hapa, na vitamvuta arudi."

Vikombe vikaanza kukusanywa. Sekela akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Na mimi naufunga wangu. Msiniambie waende kwa zamu, mwaliko haukatwi vipande. Msiniambie wapige kura, mmeshaona kura zao. Msiniambie wote wanastahili, hilo Sekela analijua kuliko ninyi, na ndilo linalomliza. Chai imepoa. Wale watatu, kila mmoja anaomba kimoyomoyo litajwe jina la mwenzake, na kila mmoja, tuseme kweli, ametega sikio kusikia kama litatajwa lake.

Haya, mwenye karanga, anza wewe. Ungekuwa Sekela, ungetaja jina la nani?